Kulipima Jua Ukutani na Mshtarii Juu ya Paa: Mwongozo Kamili wa Kusoma Jinsi Nyota na Sayari Zinavyozaliwa

Kama umewahi kushinda ndani ya nyumba ya bati, umewahi kuliona Jua limelala sakafuni. Kile kiduara cha mwanga kinachopenya kwenye tundu la msumari ni picha kamili ya Jua. Tundu linaweza kuwa la mraba, la pembe tatu au limechanika ovyo, lakini sakafuni patatokea duara tu, kwa kuwa umbo lile ni la Jua lenyewe. Chini ya mwembe ni hivyo hivyo: vile viduara vinavyochezacheza kivulini ni majua madogo, na siku ya kupatwa kwa Jua vyote hugeuka hilali kwa pamoja.

Mwongozo huu unaanzia kwenye tundu hilo na unaishia Kinshasa. Ukifika huko utaona kwa nini. Nataka uache kuzimeza namba za falaki kama kwinini. Uzipate kwa mkono wako, kisha uone zinavyosimulia jinsi mfumo wetu ulivyozaliwa.

Vifaa ni vichache: futi ya fundi, kioo kidogo cha mfukoni, karatasi ngumu, gundi, simu yenye saa ya kuhesabia sekunde na kikokotoo, uzi wa mita moja, daftari, na darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kama darubini huna, hatua nne za kwanza haziihitaji.

Onyo ni moja, na halina mjadala. Usilitazame Jua kwa jicho tupu, wala kwa darubini, wala kwa kupitia kioo utakachotumia hapa. Jicho haliumi linapoungua. Utajua kesho yake. Watoto wakiwepo, darubini ibaki ndani hadi magharibi iingie.

Hatua ya kwanza: mkono wako ni rula

Angani hakuna sentimita, kuna pembe. Nyosha mkono mbele yako hadi mwisho. Ngumi iliyofumbwa ni kama digrii 10 kwa upana, vidole vitatu vya katikati vikibanwa pamoja ni 5, na kidole cha mwisho ni digrii 1. Mtu mwenye ngumi kubwa kwa kawaida ana mkono mrefu pia, kwa hiyo hesabu inakwenda sawa kwa karibu kila mtu.

Usiniamini, jaribu. Kati ya Aprili na Juni, jioni, tafuta Msalaba wa Kusini. Toka nyota ya juu kabisa hadi ya chini ni digrii 6, yaani vidole vitatu na kidogo. Halafu pima Mwezi. Watu hubisha sana hapa, maana Mwezi unaochomoza huonekana mkubwa kama sinia. Uufunike kwa kidole cha mwisho: unafichika wote na nafasi inabaki. Ni nusu digrii, uwe upeoni au utosini.

Hatua ya pili: Jua ukutani

Kata karatasi ngumu ya ukubwa wa kioo chako, itoboe katikati tundu la milimita 5, uigundishe juu ya kioo. Tundu halihitaji kuwa duara, ulishaona sababu. Sasa kioo kiwekwe mahali penye jua, kirushe mwanga ndani ya chumba au korido yenye giza, ukutani mita 10 kutoka hapo. Kukishika kwa mkono hakufai, utatetemeka. Kichomeke kwenye donge la udongo au la unga wa chapati.

Ukutani litatokea duara hafifu la sentimita 9 hadi 10. Hilo ni Jua. Likiwa limerefuka kama yai, mwanga unagonga ukuta kwa mshazari. Geuza mkao, au pima upande ule mwembamba. Tuseme umepata milimita 98. Toa 5, maana tundu nalo huongeza upana wake kwenye ukingo wa picha. Zinabaki 93. Gawanya milimita 10,000 kwa 93: unapata 107.5. Maana yake, Jua liko mbali nasi mara 107 na nusu ya upana wake lenyewe.

Kuna njia ya pili ya kujihakiki, isiyotumia futi kabisa. Utaona duara halitulii, linatambaa ukutani kwa sababu Dunia inazunguka. Piga mstari kwa penseli ukingo wa mbele wa duara unapofika, anza kuhesabu, simamisha ukingo wa nyuma unapoufikia mstari ule ule. Ni dakika 2 na sekunde chache, karibu 8. Ukigawa saa 24 kwa muda huo unapata kama 675, na digrii 360 ukizigawa kwa 675 unapata 0.53. Kitu kilicho mbali mara 107.5 ya upana wake nacho huonekana kwa pembe ya digrii 57.3 gawanya kwa 107.5, yaani 0.53. Njia mbili, jibu moja. Mtu akishaona hilo, ubishi wa Mwezi na sinia unaisha wenyewe.

Umbali wa Jua hautoki kwenye kioo. Wanafalaki walihangaika nao karne nyingi, na karata yao kubwa ilikuwa Zuhura kupita mbele ya Jua, kama mwaka 1761 na 1769, watu wakitumwa pande tofauti za Dunia kuutazama mpito ule ule. Mpito wa tarehe 8 Juni 2004 ulionekana Afrika Mashariki tangu mwanzo hadi mwisho. Ujao ni Desemba 2117, kwa hiyo wasimulie vitukuu. Tangu 1961 umbali unapimwa kwa kurusha mawimbi ya rada hadi Zuhura na kungoja mwangwi. Kizio cha astronomia, yaani umbali wa wastani wa Dunia na Jua, sasa ni kilomita 149,597,870.7. Gawanya kwa 107.5 yako: kipenyo cha Jua ni takriban kilomita 1,391,600. Dunia ina 12,742. Ungezipanga Dunia 109 katika mstari ili kuvuka uso wa Jua.

Ishike hiyo 109. Itarudi.

Hatua ya tatu: uzito wa Jua bila mizani

Mwaka 1619 mwanafalaki Kepler alichapisha kanuni ambayo bado ndiyo mizani ya mbingu. Chukua umbali wa kitu kinachozunguka, uuzidishe kwa wenyewe mara tatu (umbali × umbali × umbali). Chukua muda wa mzunguko wake, uuzidishe kwa wenyewe mara mbili (muda × muda). Gawanya cha kwanza kwa cha pili. Kama umbali uko kwenye vizio vya astronomia na muda uko kwenye miaka, jibu ni uzito wa kile kinachozungukwa, ukihesabiwa kwa Jua. Kwa Dunia: 1 gawanya kwa 1, Jua moja. Inachekesha kwa urahisi wake, lakini mizani hii itatumika tena hatua ya tano na hapo haitachekesha.

Kugeuza "Jua moja" kuwa kilo kunahitaji kujua nguvu ya uvutano wenyewe. Mwanasayansi Cavendish alifungua mlango huo mwaka 1798 kwa mipira ya madini ya risasi iliyovutana ndani ya chumba kilichofungwa. Jibu ni kilo 2 zikifuatwa na sifuri 30. Sayari zote, miezi na vimondo kwa pamoja havifikii hata sehemu moja kwa mia mbili ya mzigo wote wa mfumo huu. Jua peke yake ni asilimia 99.8 na zaidi. Sisi ni makombo yaliyobaki mezani.

Hatua ya nne: barabara moja ya sayari

Subiri jioni ambapo Mwezi uko angani pamoja na sayari mbili au zaidi. Sayari hutazijua kwa ukubwa, utazijua kwa kutulia: hazimetimeti kama nyota. Shika uzi kwa mikono miwili, uuvute ukanyooka, uulaze machoni kuanzia pale Jua lilipozama. Utapita kwenye sayari ya kwanza, karibu na Mwezi, kisha ya pili. Zote zimo kwenye barabara moja, ngumi moja huku au kule.

Kwa wakazi wa karibu na ikweta barabara hiyo hupita juu kabisa ya vichwa vyetu, haijilazi upeoni kama huko Ulaya kaskazini. Ukitaka kipimo, njia ya Utaridi imeinama digrii 7 kulinganisha na ya Dunia, na sayari nyingine zote hazizidi digrii 3 na nusu. Tena zote huzunguka Jua kuelekea upande mmoja.

Huo ndio ushahidi wa kwanza wa kuzaliwa kwetu, na umeuona kwa uzi. Kama sayari zingekuwa wageni walionaswa mmoja mmoja, zingekuja kutoka kila upande. Mwanafalsafa Kant mwaka 1755 na mwanahisabati Laplace mwaka 1796 waliona kwamba hali hii inadai chanzo kimoja, wingu lililozunguka.

Habari yenyewe, kwa tunavyoijua leo, inakwenda hivi. Kati ya nyota kuna mawingu ya gesi ya hidrojeni na vumbi, baridi kali, kama digrii 260 chini ya sifuri. Baridi ni muhimu: gesi yenye joto husukumana na kutawanyika, gesi baridi haina nguvu ya kujitetea dhidi ya uvutano wake yenyewe. Sehemu moja ikizidi uzito inaanza kudidimia. Wingu hilo lilikuwa linajizungusha polepole sana, lakini linavyojikunja ndivyo kasi inavyopanda, kama mtoto anayejizungusha akiwa ametandaza mikono kisha akaikunja kifuani. Chembe zinazopanda hugongana na zinazoshuka, mwendo wa juu na chini unafutana, unabaki mwendo wa kuzunguka tu. Matokeo yake ni sahani bapa, na katikati yake donge linalozidi kuwaka joto. Barabara uliyoipima kwa uzi ni ukingo wa sahani hiyo ukitazamwa kutoka ndani.

Hatua ya tano: kuupima Mshtarii kwa paa la jirani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayodai subira. Itakuchukua wiki tatu hadi tano.

Mwezi Januari mwaka 1610 mwanafalaki Galileo aliona vinukta pembeni ya Mshtarii (sayari ya Jupita) vikibadili nafasi usiku hadi usiku. Ni miezi yake minne mikubwa, na darubini yako ya 10x50 inaionyesha. Mbinu ni kutulia: kaa kwenye kiti chenye mgongo, egemeza viwiko kwenye meza au ukuta mfupi. Vinukta hivyo hujipanga karibu mstari mmoja, nao tena ni sahani ndogo ndani ya sahani kubwa. Io humaliza mzunguko kwa siku 1.8, Europa 3.6, Ganymede 7.2, na Callisto 16.7. Tunamtaka Callisto kwa kuwa ndiye huenda mbali zaidi. Chora kila jioni. Kinukta kinachokaa mbali kuliko vyote kwa jioni tatu nne mfululizo ndicho chenyewe. Toka siku anapofika mwisho wa upande mmoja hadi anaporudi mwisho wa upande ule ule, hesabu siku. Ukipata 16 au 17 uko sawa.

Sasa pembe. Ngumi haifai, pembe hii ni ndogo mno. Tutatumia saa.

Tafuta ukingo ulionyooka na kulala sawasawa upande wa magharibi, kama ukingo wa paa la ghorofa au ukuta wa ghala. Uwe mbali, mita 100 au zaidi. Usilidharau sharti hili. Lenzi yako ina upana wa milimita 50, na ukingo ukiwa mita 10 tu kutoka kwako utaifuta nyota kidogo kidogo kwa zaidi ya dakika nzima. Ukiwa mita 100 utaifuta kwa sekunde 7. Mshtarii unaposhuka kuelekea ukingo huo, ukae usitikisike, uhesabu sekunde kati ya kuzama kwa Mshtarii na kuzama kwa Callisto. Hakuna ubaya kama Callisto atatangulia. Andika "kabla" au "baada".

Hapa wakazi wa ikweta tuna bahati. Kwetu nyota huzama karibu wima kabisa, na mstari wa miezi ya Mshtarii huzama nayo kama shanga zikiteremka kisimani. Aliye London angezipata zikishuka kwa mshazari, hesabu ikachanganya.

Anga huzunguka digrii 360 kwa saa 24, ambayo ni digrii moja kila dakika 4. Digrii moja ina dakika za pembe 60, kwa hiyo kila sekunde ya saa yako ni robo ya dakika ya pembe.

Umbali wa Mshtarii kutoka kwetu hubadilika. Njia rahisi ni kupima kipindi ambacho Mshtarii huonekana utosini Jua linapozama; ni takriban miezi mitatu baada ya siku Mshtarii unapokaa mkabala na Jua, Dunia ikiwa katikati, na siku hiyo hurudi kila baada ya miezi 13. Mkabala ulikuwa Januari 2026, mwingine ni Februari 2027. Katika kipindi hicho cha utosini Mshtarii uko vizio 5.1 kutoka kwetu, na karibu saa tano usiku unakuwa umeshuka vizuri upande wa paa la jirani.

Tuseme tofauti kubwa kuliko zote uliyoipata ni sekunde 34. Zidisha kwa 0.25: dakika za pembe 8.5. Gawanya kwa 3,438, namba inayogeuza dakika za pembe kuwa uwiano: 0.00247. Zidisha kwa 5.1: vizio 0.0126. Huo ni umbali wa Callisto kutoka Mshtarii. Muda wake ni siku 16.7 gawanya kwa 365.25, yaani miaka 0.0457. Sasa mizani ya Kepler: 0.0126 × 0.0126 × 0.0126, gawanya kwa 0.0457 × 0.0457. Ukiacha kikokotoo kibebe tarakimu zote, jibu ni sehemu moja ya 1,043 ya Jua.

Vitabuni ni 1 ya 1,047. Usijivune haraka, lakini. Ungepata sekunde 33 badala ya 34, jibu lingekuwa 1 ya 1,140, kwa kuwa kosa dogo la umbali huzidishwa mara tatu. Barabara ya sayari nayo inaweza kuinama hadi digrii 23 kulinganisha na mwendo wa anga, jambo linaloweza kula asilimia kadhaa. Ndiyo maana ya wiki tano na siyo usiku mmoja: pima mara nyingi, chukua ile tofauti kubwa inayojirudia. Mtu akipata kati ya 1 ya 900 na 1 ya 1,250 kwa paa na simu, mimi nampa mkono.

Hatua ya sita: uzito huo unasema nini

Jua lina uzito wa Dunia kama 333,000. Gawanya kwa 1,047: Mshtarii ni Dunia 318. Kwa upana ni Dunia 11, kwa hiyo ndani yake zingeingia Dunia 1,300 na kitu. Sanduku la kuingiza vitu 1,300 lina uzito wa vitu 318 tu. Densiti yake ni gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, ya Dunia ni 5.5, na ya Zohali ni 0.7, nyepesi kuliko maji. Sisi ni mawe na chuma, wao ni gesi.

Kwa nini majirani wa sahani moja watofautiane hivyo? Ni joto. Karibu na Jua changa, maji yalibaki mvuke, na kilichoweza kuganda ni chuma na mawe, ambavyo ni haba. Umbali wa vizio karibu 3, baridi ilifika digrii 100 chini ya sifuri na maji yakaganda kuwa barafu. Huko malighafi ilikuwa tele. Viini vilivyofikia uzito wa Dunia kama 10 viliweza kuvuta gesi yenyewe ya sahani, na vikaivuta kwa pupa, kwa sababu gesi hiyo ilikuwa na miaka milioni chache tu kabla ya kutoweka. Mshtarii uliwahi. Dunia ilichelewa, ikachukua makumi ya mamilioni ya miaka ikijengwa kwa migongano, na ilipokomaa gesi ilikwisha ondoka.

Kuna watu hupenda kusema Mshtarii ni nyota iliyofeli. Sikubaliani nao, na sasa una namba ya kuwajibu. Ili kiini cha donge la gesi kiwashe myeyungano wa hidrojeni, yaani viini vyake kuungana na kutoa nishati, kinahitaji joto la mamilioni ya digrii, na uvutano wa kulibana hivyo unataka donge lenye walau sehemu 8 kwa 100 za uzito wa Jua. Hiyo ni Mishtarii kama 80 ikiviringwa pamoja. Kitu kilichokosa sehemu 79 kati ya 80 hakikufeli mtihani, hakikuufanya.

Swali gumu liko katikati. Chembe za vumbi hushikamana hadi kufikia kokoto, hilo linaeleweka. Lakini jiwe la mita moja ndani ya sahani ya gesi hupigwa na upepo wa mbele, hupunguzwa mwendo, na huporomokea kwenye Jua ndani ya karne chache. Sasa kokoto ziliwezaje kupita hapo hadi kuwa miamba ya kilomita mia? Maelezo yanayokubalika zaidi leo ni kwamba zilijikusanya. Kokoto zikiwa nyingi pamoja hukingana upepo kama waendesha baiskeli kwenye msafara, kundi likizidi linaanguka kwa uvutano wake lenyewe, na mwamba unatokea bila kupitia ukubwa wa mita.

Miamba hiyo unaweza kuigusa. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni donge la chuma lenye urefu wa kama mita tatu, asilimia 90 chuma na sehemu kubwa ya iliyobaki nikeli. Chuma kama hicho hakipatikani juu juu: kilizama katikati ya mwili mdogo ulioyeyuka wakati mfumo wetu ulikuwa mchanga, kisha mwili huo ukavunjwa kwa kugongwa. Umri wa vitu hivi husomwa kwa madini ya urani yanayogeuka kuwa madini ya risasi kwa kasi isiyobadilika. Chembe kongwe zilizopimwa, zikiwemo za kimondo cha Allende kilichoanguka Mexico mwaka 1969, zina miaka milioni 4,567. Hiyo ndiyo tarehe yetu ya kuzaliwa, na imepimwa kwa uhakika kuliko ya babu zetu wengi.

Hatua ya saba: kitalu, mtoto na mzee

Kati ya Desemba na Machi, jioni, anga hutupa familia nzima mahali pamoja. Anza na Jabari, lile kundinyota lenye nyota tatu za mkanda. Kwenye upanga unaoning'inia mkandani, elekeza darubini kwenye ule ukungu. Ni wingu linalozaa nyota sasa hivi, miaka nuru 1,300 kutoka hapa (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ndani yake darubini ya anga ya Hubble ilionyesha, miaka ya 1990, nyota changa zikiwa zimezungukwa na sahani za vumbi jeusi.

Hamia Kilimia. Wahenga walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na jina lenyewe linatokana na kulima. Kwa macho utahesabu nyota sita au saba, kwa darubini makumi, na jumla yake inapita elfu moja. Zote ni ndugu wa tumbo moja, waliozaliwa miaka kama milioni 100 iliyopita. Umri huo husomwa kwa rangi: nyota nzito huwa za buluu na huteketeza akiba yake haraka, kwa hiyo unatazama zipi za buluu bado ziko hai. Jua letu, jepesi na la kawaida, lina akiba ya miaka bilioni 10 na limetumia karibu nusu.

Kati ya Jabari na Kilimia kuna Dabarani, nyota ya rangi ya chungwa. Ni mzee aliyevimba, miaka nuru 65 tu kutoka kwetu. Upande huo huo wa anga, kwa umbali wa miaka nuru kama 450, kuna nyota isiyoonekana kwa darubini yako iitwayo HL Tauri, haijafika hata miaka milioni moja. Mwaka 2014 ALMA, mtambo wa madishi 66 ulioko jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu ya bahari, uliipiga picha sahani yake. Ina miduara myeusi na miangavu iliyopangana kama alama za jembe shambani. Miduara myeusi inaelekea kuwa njia za sayari zinazofagia vumbi. Nilichokuomba ukione kwa uzi, pale kimepigwa picha kutoka nje.

Na umbali huu unajulikanaje? Inua kidole gumba, funga jicho moja, kisha badilisha. Kidole kinaruka. Macho yametengana sentimita 6, kidole kiko sentimita 60, ruko ni digrii 6 hivi. Jaribu na mnazi ulio mbali kwa kutembea hatua kumi pembeni na kupima ruko kwa vidole. Wanafalaki hutembea na Dunia: hupima nyota leo, halafu baada ya miezi sita, tukiwa upande wa pili wa Jua. Mwanafalaki Bessel alifanikiwa mwaka 1838, na chombo cha Ulaya cha Gaia, kilichorushwa 2013, kimefanya hivyo kwa zaidi ya nyota bilioni moja.

Hatua ya nane: harage mbele ya Jua

Rudi kwenye duara la ukutani la milimita 93. Chukua harage kubwa lenye upana wa karibu milimita 9 na nusu, lipake rangi nyeusi, ulibandike kwenye duara. Huo ndio ukubwa wa Mshtarii kwa kipimo hicho. Unafunika sehemu moja hivi kwa mia ya mwanga. Dunia ingekuwa nukta ya kalamu isiyofika milimita moja, na hapa 109 inarudi: ukiizidisha kwa yenyewe unapata karibu 12,000, na Dunia inafunika sehemu 1 kati ya hizo. Chombo cha angani kilichopewa jina la Kepler, kuanzia 2009 hadi 2018, kilikaa kikitafuta upungufu mdogo kama huo kwenye mwanga wa nyota za mbali, na kiliupata mara nyingi. Sayari za nyota nyingine zinazojulikana zimepita 5,000.

Njia nyingine ni kuitazama nyota ikiyumba, kwa kuwa sayari nayo huivuta. Hivyo ndivyo wanafalaki Mayor na Queloz walivyoipata sayari 51 Pegasi b mwaka 1995, ikizunguka kwa siku 4 tu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia uliyapa mataifa nafasi ya kutoa majina. Tanzania ilipewa nyota WASP-71, ikaiita Mpingo, na sayari yake ikaiita Tanzanite. Hiyo iligunduliwa kwa njia ya harage. Kenya ilichagua maneno ya Kijaluo: nyota HD 83443 ni Kalausi, kimbunga cha vumbi, na sayari yake ni Buru, vumbi lenyewe. Buru ilipatikana kwa njia ya kuyumba. Zote mbili humaliza mzunguko kwa siku kama 3, karibu mno na moto kwa jitu la gesi kuzaliwa, kwa hiyo huenda zilizaliwa mbali zikahamia ndani. Mfumo wetu si kielelezo cha mifumo yote.

Kabla hujaondoa kioo, geuka utazame nyuma. Jua lako lina milimita 93 na kioo kiko mita 10 kutoka ukutani. Uwiano huo ndio uwiano halisi, kwa hiyo kioo kimekaa pale pale Dunia inapotakiwa kukaa. Harage la Mshtarii liende mita 52, huko barabarani. Zohali ipite mita 95. Kisha tafuta nyota iliyo jirani kuliko zote, Proxima, yenye umbali wa vizio 268,000, na uzidishe kwa mita 10. Ni kilomita 2,680. Kama ukuta wako uko Dar es Salaam, itakubidi uende kuibandika Kinshasa.